Mtazame Baba Yako

Kule Ikolo, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, zama za Wajerumani, wazazi wengi walishindwa kuelewa Sadoki alikuwa mwalimu wa namna gani. Mwalimu wa kusoma walimjua. Mwalimu wa hesabu walimheshimu, maana hesabu humsaidia mtu asipunjwe na wachuuzi. Lakini huyu, mtu mzima mwenye mke na migomba yake, alishinda na watoto wa watu akiwafundisha kuchora majani.

"Jani linaota lenyewe," mzee mmoja alimwambia siku moja nje ya kanisa. "Wewe unalichora ili liweje?"

"Ili mtoto alione, tata," Sadoki akamjibu kwa heshima.

"Kwani mtoto ni kipofu?"

Watu wakacheka, na Sadoki akacheka nao. Hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mrefu, mpole, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mkaa hata siku ya ibada, jambo lililomuudhi sana mkewe, Tusekile.

Kuchora alifundishwa na mke wa mchungaji wa misheni, mama mmoja mwembamba wa Kijerumani aliyekuwa na desturi ya kukaa barazani asubuhi akichora maua ya porini kwa rangi za maji. Siku hizo Sadoki alikuwa kijana anayesomea ualimu. Bibi yule alimkuta amechora kwenye kibao chake mkono ulioshika brashi, na mkono ule ulikuwa wa bibi mwenyewe. Badala ya kumkaripia, akavuta kiti cha pili. Walikaa hivyo kwa misimu mingi, huyu akionyesha, huyu akijaribu, mpaka homa ya mkojo mweusi ilipomchukua bibi katikati ya masika. Mchungaji hakuweza kuvumilia kuliona sanduku la rangi za mkewe ndani ya nyumba. Akampa Sadoki, na pamoja nalo ruhusa ya kufundisha kuchora katika darasa la wakubwa.

Wakubwa wenyewe hawakuwa wakubwa. Walikuwa watoto wa katikati, wale ambao sauti zinaanza kukwaruza na wasichana wanaanza kujifunika kifua. Sadoki aliupenda umri ule na kuuogopa. Mtoto mdogo ukimwambia chora ng'ombe, anachora na kufurahi. Lakini akifika umri huu anaona haya. Anafuta kibao kwa mate kabla hujamfikia. Palikuwa na mvulana aitwaye Aliko ambaye hakutaka kuchora kitu ila ng'ombe, na kila ng'ombe wake alisimama kwenye nyasi ndefu, kwa sababu kwato zilimshinda. Sadoki hakumwambia neno. Alilipeleka darasa zima zizini, akawaketisha chini mbele ya miguu ya ng'ombe, wakae watazame. Wakakaa mpaka inzi wakawachosha. Ghafla Aliko akapiga kelele, "Mwalimu! Kumbe zimepasuka katikati!" Tangu siku ile nyasi zikatoweka kwenye michoro yake.

Karatasi zilikuwa haba. Walichora kwenye vibao, na wakibahatika, nyuma ya karatasi zilizofungia bidhaa. Mkaa waliuokota jikoni. Rangi za sandukuni zilipokwisha, Sadoki alitembea na darasa mpaka ufukweni kwa wafinyanzi wa kabila la Wakisi kuomba udongo mweupe na mwekundu, na huko ndiko alikomkuta Neli.

Alikuwa ameinama juu ya chungu kibichi cha mama yake, akichora mistari shingoni mwa chungu kwa ncha ya tete. Mama yake, Angetile, alikuwa mfinyanzi mwenye ulimi mkali. Baba yake, Raphaeli, alikuwa mvuvi, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Sadoki alipoomba binti aende shule, mama alikataa katakata.

"Anichotee nani udongo? Anikandie nani?"

"Mwache aende, mama Neli," Raphaeli akasema. "Mtoto huyu anatazama kitu mpaka kitu chenyewe kinaona haya. Mimi humu ndani naogopa hata kujikuna."

Hivyo Neli akaja Ikolo, akakaa kwa shangazi yake mmoja aliyeolewa huko, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amewapita wote. Sadoki alikuwa na tabia ya kuchora samaki mdogo pembeni mwa kazi iliyomridhisha. Watoto walimgombania samaki yule kuliko nyama. Neli hakugombana na mtu, lakini samaki wake walikuwa wengi.

Kisha vita vikaja.

Mwanzoni vilikuwa habari tu. Wazungu wanapigana kwao, walisema watu, na wa huku watapigana pia, ng'ambo ya mto Songwe kwa Waingereza na huku kwa Wajerumani. Halafu vikawa mizigo. Askari wakapita wakikamata wanaume kubeba, wakachukua ndizi, wakachukua mchele, wakafunga njia za majini. Wenye ndugu upande wa pili wakaambiwa kuwa ndugu zao sasa ni maadui. Jeshi la huku likavuka mto kwenda kupiga, likarudi limepigwa. Majeruhi wakapita Ikolo kwenye machela, na kuanzia hapo kila mtu akawa mtu wa kushukiwa. Askari aliyeshindwa ni mbaya kuliko simba mwenye njaa.

Siku zile zile Neli alikuja shuleni na karatasi. Alikuwa amefuatana na baba yake kupeleka vyungu Mwaya, bandarini, na wakati baba akisubiri, yeye alikaa ndani ya mtumbwi akachora alichokiona: banda la mizigo, mitumbwi iliyopangwa kama mbuzi kwenye kamba, wapagazi waliochuchumaa, na nyuma ya banda mzinga wa jeshi uliofunikwa majani ya migomba. Sadoki aliitazama karatasi ile, na moyo ukamwambia, ichome. Akaitazama tena. Mgongo wa mpagazi mmoja ulikuwa umechorwa kwa mistari michache tu, na bado uchovu wake ulionekana. Bibi yule marehemu angelia kuuona mgongo ule. Sadoki akachukua mkaa, akamchora samaki pembeni.

"Usiionyeshe ovyo," akamwambia.

"Nitampa baba," Neli akajibu. "Ameiomba."

Raphaeli alikuwa na dada ng'ambo, upande wa Waingereza, hawajaonana tangu vita vianze. Usipa, wale dagaa wa ziwani, ulikuwa unakimbilia kule, na mvuvi hajui mpaka wa maji. Akaingia ziwani na ile karatasi ameikunja ndani ya kibuyu kikavu, amuonyeshe dada yake kazi ya mwanawe. Hakuwa na hili wala lile. Alikamatwa na mashua ya doria ya Wajerumani akiwa bado mbali na pwani ya dada yake.

Sadoki alikuwa darasani walipokuja. Shaushi, yaani kiongozi wa askari, mtu mzima kutoka pwani mwenye ndevu nyeupe kidogo, aliingia na askari wawili bila kubisha hodi. Akakunjua karatasi mbele ya watoto.

"Huyu samaki ni wa nani?"

Watoto wote wakamtazama mwalimu wao, na hilo likawa jibu.

"Ni wangu," Sadoki akasema. "Lakini picha si yangu. Ni kazi ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani?"

Neli alikuwa amekwisha simama. Alikuwa ameiona karatasi, akajua ilikotoka, na akauliza swali moja tu: "Baba yuko wapi?"

Waliwachukua wote wawili kwenda Mwaya. Tusekile alikuja mbio kutoka shambani, matope magotini, akamshika mumewe mkono. "Sema huijui," akamnong'oneza kwa Kinyakyusa. "Sema samaki kaigwa na mtu." Sadoki alitamani sana kusema hivyo. Lakini Neli alikuwa anatembea mbele yake, ameshikwa shingoni na askari, na miguu yake ilikuwa bado ya mtoto.

Njiani Sadoki alimsogelea shaushi. "Mzee wangu," akasema, "nikisema picha nimechora mimi, watamwachia yule mvuvi?"

Shaushi alivuta mkanda wa bunduki begani. Hakuwa mtu mkatili, alikuwa amechoka. "Ukisema umechora wewe," akasema, "mtanyongwa wawili. Mtu mzima aliyesoma anachora mzinga, mvuvi anaupeleka kwa adui. Kesi imekwisha. Lakini kama ni kweli kachora mtoto, basi mvuvi ni mpumbavu tu. Bwana afisa hapendi kunyonga wapumbavu, anapungukiwa na wabebaji. Ila haamini. Anasema hakuna mtoto mweusi awezaye hivi."

"Anaweza! Nimemfundisha mwenyewe!"

"Basi omba Mungu wako aweze leo."

Bandarini jua lilikuwa kali na ziwa jeupe kama bati. Raphaeli alifungwa kwenye nguzo mbele ya banda, mikono nyuma, uso umevimba upande mmoja. Angetile alikuwa ameketi mavumbini mbali kidogo, askari amemzuia kwa kitako cha bunduki. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, sasa alitingisha kichwa tu. Neli alimwona baba yake, akageuza uso upesi, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Afisa alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai. Alikuwa kijana, mwekundu kwa homa, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Akampa Neli karatasi na kipande cha mkaa.

"Chora hii hii," akasema, akigonga ile picha ya banda, kisha akaigeuza chini isionekane. "Bila kutazama. Kama wewe ulichora, kichwani iko."

"Bwana mkubwa—" Sadoki alianza.

"Wewe nyamaza."

Neli akapiga magoti, akaiweka karatasi juu ya ubao wa sanduku. Mkono ulikuwa unatetemeka hata mkaa ukawa unagonga mbao kama mvua inayoanza. Akavuta mstari wa paa, ukapinda. Akaufuta kwa kidole, ukawa doa. Akajaribu mtumbwi, ukafanana na ganda la ndizi lililokanyagwa. Sadoki alikaza meno mpaka masikio yakamlia. Alikuwa amemwona mtoto huyu akichora wimbi, kitu kisichokaa, na wimbi likakaa. Sasa hakuweza kuchora paa. Machozi yakadondoka kwenye karatasi, mkaa ukayeyuka, na Neli akaacha.

Afisa akainua bega. "Umeona, shaushi? Uongo." Akasimama. "Jioni mvuvi ananyongwa. Mwalimu huyu mfunge, kesho nitajua na yeye."

Angetile alielewa kabla ya kutafsiriwa. Mlio uliomtoka haukuwa wa kilio, ulikuwa kama wa chungu kinachopasuka motoni. Sadoki naye hakujua amefikaje chini, lakini alikuwa amepiga magoti, mikono imeshika buti la yule kijana.

"Bwana mkubwa, sikufundisha hivyo!" akasema. "Sikuwafundisha kuchora cha kichwani! Niliwafundisha kuchora kilicho mbele ya macho. Mpe kitu akitazame. Kitu chochote. Halafu linganisha mkono na mkono. Nakuomba, bwana, kwa ajili ya mama yako."

Shaushi akatafsiri, na labda aliongeza maneno yake, maana alisema kwa muda mrefu. Afisa akalitazama ziwa, akaitazama kambi: banda, bunduki, mizigo, mashua ya doria.

"Atazame nini? Kambi yangu tena?"

Hapo ndipo Sadoki alipoona kitu kimoja tu kilichobaki pale ambacho si siri ya jeshi. Alikiona, na roho ikamkataa. Alitafuta kingine. Palikuwa na kuku? Hapakuwa na kuku. Palikuwa na mti? Mti ulifunika risasi. Akanyanyua mkono ulioonekana kama si wake, akaonyesha nguzo.

"Amchore yeye," akasema. "Amchore mvuvi."

Afisa akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye homa, akaketi tena. "Haya."

Neli alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Sadoki alitambaa karibu naye. Safari hii hakuna aliyemzuia.

"Neli."

"Siwezi, mwalimu."

"Mtazame baba yako."

"Siwezi. Usiniambie hivyo. Nionee huruma."

"Sikiliza. Usimtazame kama baba. Tazama nguzo kwanza. Nguzo imenyooka? Haya. Bega liko juu ya lile fundo la mti au chini yake? Tazama tu, uniambie." Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe, sauti ile ile ya darasani, na akaichukia.

"Chini," Neli akanong'ona.

"Kivuli cha kidevu kinaangukia wapi?"

Ndipo Raphaeli akainua kichwa. Ilimgharimu, shingo ilionekana inauma. Akauelekeza uso wake kwa binti yake, upande mzima na upande uliovimba, akatulia.

"Nichore, mwanangu," akasema. "Mimi sitatikisika."

Neli akamtazama. Sadoki aliutambua wakati ule ule Neli alipomwona baba yake kweli, kwa sababu kutetemeka kulikoma. Mkaa ukashuka kwenye karatasi. Ukavuta nguzo, ukavuta bega, ukapita kwenye kamba iliyokata nyama ya mkono, wala haukuiruka. Alichora jicho lililofumba kwa uvimbe, na jicho lililo wazi. Midomo iliyopasuka alichora. Alichora mpaka magoti yaliyokuwa yanataka kukunjika na mwenyewe anayakatalia. Hakulia. Hata askari waliokuwa wanacheza bao waliacha. Muda wote huo Raphaeli hakutikisika. Inzi walitua kwenye jeraha la uso wakanywa, naye hakutikisika.

Alipomaliza, Neli aliweka mkaa chini taratibu, akaenda nyuma ya sanduku, akatapika.

Afisa aliweka karatasi mbili magotini, akatazama hii, kisha ile. Alitazama kwa muda mrefu sana. Sadoki alimwona akipitisha ukucha kwenye mgongo wa yule mpagazi wa kwanza, kisha kwenye bega la Raphaeli.

"Mkono mmoja," akasema kwa Kijerumani, na Sadoki, aliyejifunza maneno hayo barazani kwa bibi, alielewa.

Hawakumnyonga. Watu wakisimulia habari hii huishia hapa na kumshukuru Mungu, lakini haikuishia hapa. Raphaeli alitiwa mnyororo, apelekwe kubeba mizigo ya jeshi mpaka vita viishe. Sadoki alitiwa mnyororo huo huo, kwa kosa la kuwafundisha watoto wa wenyeji kutazama visivyowahusu. Ikatolewa amri kwamba shuleni Ikolo vibao viwe vya herufi na hesabu tu. Picha ya banda afisa aliichoma kwa kiberiti chake. Ile ya Raphaeli hakuichoma. Aliikunja vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na Angetile alipoinyooshea mikono, aliondoka kama hakumwona.

Mnyororo ulipokuwa unafungwa, Sadoki alimtafuta Neli kwa macho. Alikuwa amesimama na mama yake. Alimtazama mwalimu wake bila chuki wala machozi, kama mtu anayetazama ukuta.

Mwaka na zaidi walibeba. Walibeba risasi, walibeba unga, walibeba wazungu wagonjwa. Wanaume wa bondeni, waliozoea joto na ndizi, walipandishwa milimani kwenye baridi wakiwa na kaniki moja, wakala mahindi mabichi, wakaharisha damu. Mnyororo walifunguliwa baadaye, si kwa huruma. Chuma kilihitajika kwingine, na nani angekimbia, akimbilie wapi?

Raphaeli hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimtesa Sadoki kuliko mjeledi. Siku moja, wamekaa chini ya mizigo mvua ikinyesha, Sadoki alishindwa kuvumilia.

"Baba Neli, niliiona hatari nikanyamaza. Niliona mzinga ule kwenye karatasi. Ilinipasa niichome."

Raphaeli alitafuna mahindi yake. "Mimi nami niliuona," akasema. "Ulikuwa umechorwa vizuri." Kisha akacheka kile kicheko chake cha karibu, kikageuka kikohozi. "Dada yangu angeikataa. Angesema nimeinunua kwa Wazungu."

Waingereza walipovuka Songwe, jeshi la Wajerumani lilikimbia kupanda Ubena, na wapagazi wakakimbizwa nalo. Huko kwenye nyasi za juu, ambako asubuhi maji huganda kama kioo, kikohozi cha Raphaeli kikamaliza kazi. Alikufa njiani mchana kweupe, mgongo ukiegemea mzigo wake, safu ikiendelea kupita. Sadoki aliomba ruhusa ya kumzika akapigwa. Alimzika hivyo hivyo, kwa mikono na kwa kigae, kwenye ukingo wa kijito, akaweka mawe juu ili fisi wasimfukue. Alipoinuka, safu ilikuwa imekwisha pita, na hapakuwa na mtu wa kumrudisha. Akageuka akaanza kushuka.

Alifika Ikolo amekonda hata mbwa wake mwenyewe akamfukuza. Tusekile alimwogesha kama mtoto, bila kuuliza kitu. Wamisionari walikuwa wamechukuliwa mateka. Shule ilikuwa imeezuliwa, mianzi yake imejengea vibanda vya askari wapya wa Kiingereza, ambao nao waliuliza nani alikuwa upande wa nani. Aliko alikuwa amebebeshwa mizigo na hao wapya, hakurudi. Sanduku la rangi hakuna aliyejua lilipo, wala Sadoki hakulitafuta.

Alipopata nguvu ya kutembea, alikwenda ufukweni.

Angetile alikuwa anakanda udongo. Alipomwona anakuja peke yake, alielewa, akaendelea kukanda. Sadoki akasimama, akamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, mama Neli."

"Ndaga, mwalimu. Keti."

Akaketi, akasimulia. Alisimulia yote, hata kicheko. Neli alikuwa kando anasugua chungu kwa kokoto, msichana mkubwa sasa, na chungu chake kilikuwa kitupu shingoni, hakina hata mstari. Mama yake alisema tangu siku ile ya Mwaya hajachora kitu, hata alama ya kutambulishia vyungu vyao sokoni.

"Umemlaza wapi?" Angetile akauliza.

"Mbali. Ubena."

"Ubena ni kubwa. Nauliza wapi."

Sadoki alijaribu kueleza kwa maneno, akaona maneno hayamfikishi. Akaokota kijiti, akasawazisha mchanga kwa kiganja. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa kwa baridi ya kule, na mstari ukawa unamtoroka. Lakini akachora njia inayopanda, akachora mlima wenye nundu mbili, kijito, mawe.

Neli alisimama. Akaja mpaka pale, akatazama chini kwa kitambo, kisha akaweka mguu wake juu ya mchoro akaufuta wote, nundu na kijito na mawe, akaingia ndani.

"Msamehe," Angetile akasema.

"Hana kosa la kusamehewa."

Wakakaa. Ziwa lilikuwa linapiga ufukweni na wavuvi wachache waliobaki walikuwa wanavuta nyavu kwa ukelele wao wa siku zote. Sadoki aliona hana jambo lingine la kufanya pale, akaanza kuinuka kwa kushika goti. Ndipo Neli alipotoka. Alikuwa amebeba donge la udongo mbichi, amelibamiza kwenye kigae likawa bapa. Akaketi, si karibu na mwalimu, akaliweka magotini. Mkononi alikuwa na tete.

Hakumtazama usoni.

"Kile kijito," akasema. "Ukiwa umesimama kichwani pake, kiko mkono gani?"

Sadoki alilazimika kufumba macho ili apaone tena.

"Wa kushoto," akasema. "Lakini kinapinda. Subiri, nitakuambia kinapopinda."